Kitanda cha Mtoto na Mlango: Jibu kwa Mama wa Mbagala

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia wiki hii. Mwanawe wa miaka sita anaamka usiku akilia. Dua zimesomwa, dawa ya minyoo amepewa, na sasa amesikia kwamba mimi hupanga nyumba kwa feng shui, yaani elimu ya Kichina ya kupanga nyumba na vitu vyake ili nguvu ipite vizuri. Anauliza kama inafaa kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Inafaa, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mpo wengi mnaotaka watoto walale vizuri ila mnaogopa maneno ya watu.

Mimi haya niliyapata Guangzhou, China. Tulipanga Xiaobei, mtaa unaojulikana kwa wafanyabiashara kutoka Afrika. Mume wangu akihangaika na makontena, mimi nikilea binti yetu ambaye usiku kitanda alikuwa hakitaki. Mwenye nyumba, bibi wa Kikantoni, alikuja kuchukua kodi, akachungulia chumba cha mtoto, akasita mlangoni. Kitanda kilikuwa kimenyooka na mlango, miguu ikielekea nje. Kwa Wachina, hivyo ndivyo maiti anavyotolewa ndani. Hakungoja ruhusa. Alishika upande mmoja, nikashika wa pili, tukakisogeza hadi kichwani kukagusa ukuta mtupu usio na dirisha, mshazari na mlango, ili mtoto amwone anayeingia bila kulala kwenye njia yake. Kisha akaomba shuka, akafunika kioo cha kabati kilichokuwa kinatazama kitanda. Binti yangu hakutulia usiku uleule, lakini alitulia, na sasa ni mwanafunzi wa sekondari anayelala fofofo.

Tuliporudi Dar nikapanga chumba chake vilevile. Wifi yangu akatangaza mbele ya wageni kwamba nimeleta uchawi wa Kichina kwenye nyumba ya kaka yake. Liliniuma, na bado linaniuma. Sikutundika hirizi, sikufukiza kitu, nilisogeza kitanda. Benki ya HSBC walipojenga makao yao makuu Hong Kong, jengo lililokamilika mwaka 1985, walimshirikisha mtaalamu wa feng shui, na ngazi za umeme za pale chini zimewekwa mshazari kwa ushauri wake. Benki nzima ikisikiliza ni busara, mama akisikiliza ni mchawi?

Basi anza na kitanda, ndicho kikubwa. Kichwani kuwe na ukuta, mlango uonekane, kioo kisimtazame. Halafu inama uangalie uvunguni. Sisi wengi uvunguni kwa mtoto ndiyo stoo: shangazi kaja la nguo za zamani, ndoo, jiko bovu. Feng shui inasema qi, yaani nguvu ya uhai, inataka kupita chini ya anayelala. Toa vyote. Na pangaboi lisizunguke juu ya kifua chake; joto letu tunalijua, kwa hiyo liache, sogeza kitanda pembeni.

Kuhusu pande za dunia, ramani ya bagua, yaani mchoro wa feng shui unaogawa nyumba kwa pande na kuupa kila upande jambo lake, inawapa watoto magharibi. Kwa Dar sikubali kirahisi, maana ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri na kutoa joto hadi usiku. Mimi nilichukua mashariki, upande wa mti kati ya zile asili tano za Kichina (mti, moto, udongo, chuma na maji), mti ukiwa ndio wa kukua.

Wazazi, tunalipa tuisheni, tunanunua televisheni kubwa na kuibandika ukutani kwa mtoto, halafu tunashangaa hasomi, halali. Itoeni hiyo televisheni! Chumba cha mtoto ni cha kulala. Tunamdai utulivu mtoto ambaye hatujampa mahali pa kutulia.

Na wewe wa Mbagala, kama chumba ni kidogo na kitanda hakina pa kwenda zaidi ya pale mlangoni, weka kikapu cha nguo au kabati fupi miguuni pa kitanda, likate ule mstari wa mlango. Chandarua kifunge kama kawaida.