Tripu ya mawe imemgombanisha fundi na shemeji yake

SWALI: Habari za kazi. Mi ni fundi ujenzi hapa Mwanga, Kigoma. Juzi nimeshushiwa tripu ya mawe ya msingi, nusu magumu balaa, nyundo inaruka tu, nusu nyingine ukigonga yanamwaga mchanga. Shemeji yangu yuko fomu foo, anasema magumu ni miamba geu na laini ni miamba mashapo, afu eti asili yake ni jiwe lile lile. Inawezekanaje? Na nitayajuaje kabla sijalipa? (Fundi, Mwanga)

JIBU: Pole na hiyo tripu fundi. Shemeji hajakosea sana, ila mwambie asikimbie, kuna mahali atajikwaa.

Tuanze na linalomwaga mchanga, hilo la mashapo. Mto unabeba mchanga na tope unaenda kuvimwaga mahali, miaka na miaka, cha juu kinakandamiza cha chini, maji yanayopenya katikati yanaacha chokaa au silika (madini yanayotengenezewa kioo) au kutu ya chuma, basi punje zinashikana linakuwa jiwe. Malagarasi bado unaifanya kazi hiyo leo hii pale unapoingia ziwani, na chini ya maji ya Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, mashapo yamelala kwa unene wa kilomita kadhaa. Ule wekundu wa mawe ya Manyovu ni chuma kimeshika kutu, hamna kingine. Fikiria kashata, karanga ndo punje za mchanga na sukari ndo gundi, ukiimega inaachia kwenye sukari na karanga nyingi zinatoka nzima.

Mwamba geu sasa. Wewe tofali za kuchoma unazijua kuliko mimi. Tofali bichi ukilimwagia maji linarudi kuwa tope, ila likishatoka kwenye tanuri lina rangi nyingine, linalia ukiligonga, na hata ulilaze mtoni halirudi tena kuwa tope. Na halikuyeyuka! Wengi wanapotea hapa hapa, wanadhani mwamba geu uliyeyuka. Umepikwa ukiwa mgumu vile vile, huko chini kilomita nyingi, kwenye joto la nyuzi 200 mpaka kama 800 na mgandamizo wa kutisha. Ungeyeyuka wote ukaganda upya tungeuhamishia ukoo mwingine, miamba ya moto. Jiwe la mchanga likipikwa hivyo punje zinaumana zenyewe kwa zenyewe linakuwa kwazaiti, ndo maana shemeji anasema asili moja. Chokaa inakuwa marumaru, tope linakuwa sleti, jiwe la kupasuka bapa bapa, na likizidi kupikwa linakuwa shisti.

Kuyajua saiti: vunja kipande, kishike juani uangalie pale palipovunjika. La mchanga ufa umezunguka punje, pamekuwa na vinundu vinundu kama sukari guru, pitisha kidole gumba kinabaki na mchanga. Kwazaiti ufa umekata punje katikati, panang'aa kidogo na kingo zinaweza kukuchana mkono. Afu dondoshea tone la maji, la mchanga mara nyingi linalinywa, kwazaiti tone linakaa juu linakuangalia. Mchezo wa kukwaruza chupa achana nao, punje ni kwatzi (silika iliyo kwenye fuwele, ngumu kuliko kioo) huku na huku kwa hiyo yote yatakwaruza. Mistari nayo isikudanganye. Kwenye mashapo ni tabaka za kumwagwa, kwenye mwamba geu ni madini yaliyobanwa yakalala upande mmoja, na mara nyingi utaona ulanga, madini ya vibamba vyembamba, unametameta.

Sasa pale pa shemeji kujikwaa. Jina kwazaiti linabeba mawe mawili, kuna lililopikwa kweli na kuna ambalo halijawahi kuona moto, silika tu imejaa kati ya punje mpaka limekuwa gumu vile vile na ufa unakata punje vile vile. Kwa hiyo ugumu peke yake hauthibitishi kitu, hasa huko kwenu ambako mashapo ya kale yamejaa. Na kinyume chake pia, shisti ni mwamba geu halali kabisa lakini inabanduka kama chapati ya maji, usije ukaijengea msingi kisa mtu kasema geu ndo imara. Kwa msingi chukua lisilokunywa maji, lile la mchanga lenye punje laini mpe mama atalifanya kinoo cha visu.

Dalili nyingine ni mifupa na makombe ya viumbe vya kale, hayo tafuta kwenye mashapo, maana kupikwa na kubanwa kunayafuta. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani 1909 mpaka 1913 ikapelekwa Berlin, ilitoka kwenye mashapo.

SWALI: Na sisi wa Tabora, haya majabali ya mviringo yaliyopandana ni yapi kati ya hayo mawili? (Msomaji, Ipuli)

JIBU: Hata moja. Hayo ni matale, graniti, miamba ya moto yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na umviringo huo ni jua na mvua vimeyamenya kona. Graniti hiyo hiyo ikibanwa na kupikwa inakuwa naisi, ina michirizi myeupe na myeusi. Ukitaka kuiona kwa wingi, panda treni ya Mpanda.