Barua kwa mwanangu: Desemba yangu ya kwanza Makete

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikamsomea na baba yako. Unauliza kama shule unayofundisha huko Makete ikifungwa upande lori la viazi uje kula Krismasi nyumbani, au ubaki huko kijijini. Tena unataka kujua kwa nini mimi, Desemba yangu ya kwanza Makete, sikwenda Tukuyu kwa bibi yako. Nimeona heri nikuandikie, maana simu ya huko hukatika kabla salamu hazijaisha.

Sikubaki kwa kupenda. Ilikuwa mwaka 1984, Makete ikiwa bado Mkoa wa Iringa. Mzigo nilishaufunga, na kitenge cha bibi yako kilikuwamo. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo, lori lililotarajiwa Jumatano halikutokea. Walimu wenzangu wawili walikuwa wameondoka siku ileile ya kufunga shule. Nikabaki na ukungu, kuni mbichi na debe la viazi. Nililia, mama, sikufichi.

Siku ya tatu akaja mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Huyo mtoto nilikuwa nimemchapa mara nyingi muhula ule kwa kuchelewa mstarini. Nikiwa wa zamu sikuwa na maswali: kengele imelia, hayupo, fimbo. Sasa amesimama mlangoni, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, anasema bibi yake amesikia mwalimu yuko peke yake, hivyo nikale kwao.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Tukateremka bondeni katikati ya milanzi mpaka mtoni. Gogo la kuvukia lilikuwa limesombwa. Akachukua viatu vyangu, akavuka kwanza, kisha akarudi kunishika mkono. Maji yalinifika magotini, yeye mapajani. Halafu tukaanza kupanda kilima cha pili, na mimi nasimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Tulifika saa nne na nusu.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu. Ili awahi mstarini saa moja na nusu, mtoto huyu huondoka kwao saa kumi na moja, giza totoro, peku, na mdogo wake wa darasa la kwanza mgongoni wakifika mtoni. Nikamuuliza, "Na mto ukijaa?" Akajibu, "Tunasubiri upungue, mwalimu." Muhula mzima hakuwahi kunieleza hilo, nami sikuwahi kumuuliza.

Bibi yake alichinja jogoo. Tulikula kwa viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Kiswahili kilimpa shida, mimi Kikinga sijui, basi mjukuu akawa mkalimani wetu. Nililala kwao siku mbili, na Krismasi tukaenda wote kanisani.

Januari nilimwomba mwalimu mkuu asogeze kengele mbele kidogo masika. Hakukubali. Basi nikaandika majina ya watoto wa ng'ambo ya mto nyuma ya daftari la mahudhurio, na zamu yangu ikifika hakuna aliyeguswa. Kipindi changu cha hesabu nikakihamishia baada ya mapumziko ili wasikikose. Yule mtoto nilimwomba radhi, lakini nilijivutavuta mpaka alipofika darasa la saba. Hilo linaniuma hata leo.

Kwa hiyo mimi naona ubaki. Kwenu sasa lami ya kutoka Njombe imefika Makete, ukitaka kuja utakuja; usije ukadhani nakufukuza. Ila umekaa huko tangu Julai, na kwenye ujumbe wako umeandika "wale watoro wa kitongoji cha chini" kana kwamba hilo ndilo jina lao. Nenda kwao likizo hii, kwa miguu, si kwa bodaboda, na mtoto mmojawapo akuongoze kwa njia anayopita yeye. Toka alfajiri, saa ileile anayotoka yeye.

Baba yako anakusalimu, anasema Pasaka hatakubali udhuru. Nimekufungia mchele wa Kyela kilo 5, na bizari ya pilau iko ndani ya sweta la kijivu. Dereva wa lori atapita huko Jumamosi. Mwambie mfuko asiuweke chini ya magunia.

Mama yako