Ramani yangu ilikuwa safi, ngalawa hazimo

Juzi dogo mmoja anayesoma mambo ya bahari kanitumia meseji, anataka kujua aanzie wapi kwenye kazi ya usalama wa meli kwenye mashamba ya upepo ya baharini, yani mitambo ya kufua umeme kwa upepo iliyosimikwa baharini. Ngoja nikupe yaliyonikuta.

Kwenye kozi yetu tulipewa zoezi, kupanga mitambo ya upepo mbele ya pwani ya Dar, kwenye karatasi tu. Nikachukua data za AIS, yani kifaa cha melini kinachotangaza kwa redio meli iko wapi, nikachora njia za meli za mizigo na boti za Zanzibar, kila mtambo nikauachia zile mita 500 za usalama ambazo sheria ya bahari inaruhusu, yani ramani imetulia. Siku ya kuwasilisha mwalimu akauliza swali moja: ngalawa ziko wapi? Nikakaa kimya mbele ya darasa zima. AIS wanalazimishwa meli za abiria na zile kubwa, kuanzia tani 300 kama zinaenda nje ya nchi, sasa ngalawa itaonekanaje humo? Kazi ikarudishwa bila maksi na mpaka leo inaniuma, usingizi wangu wote uliishia pale.

Kesho yake alfajiri nikaenda Feri, kwenye soko la samaki la Dar. Nikamkuta mzee anatia mashua kalafati, nikampa simu aione ramani, akabonyeza kidole pale pale nilipopanga mitambo, "Hapa mwanangu, kusi ikichachamaa ndio tunarudia hapa." Doa la mafuta likabaki kwenye kioo.

Kingine ni meli iliyopoteza uwezo wa kujiendesha. Januari 31, 2022 huko Uholanzi dhoruba iling'oa meli ya mizigo Julietta D kwenye nanga, ikagongana na meli ya mafuta, mabaharia 18 wakatolewa kwa helikopta, halafu ikasombwa yenyewe bila mtu mpaka ndani ya shamba la Hollandse Kust Zuid lililokuwa linajengwa na kugonga nguzo. Mita 500 haziisimamishi meli ya hivyo! Lazima ujue tagi, ile boti ya kuvuta meli, iko wapi na itafika baada ya muda gani.

Kwa hiyo vijana acheni kujifungia na kompyuta, nendeni Feri, nendeni Kunduchi, ulizeni njia ya kaskazi na njia ya kusi maana sio moja, ulizeni, ulizeni tena. Mimi nilisogeza safu mbili nzima za mitambo ndio nikapewa maksi zangu.

Dogo, ukiwa tayari nitakupeleka kwa yule mzee, ila saa kumi na moja alfajiri uwe umeshafika.