Maswali ya Wasomaji: Kinu cha maji sijakipata huku Kigoma, safari ya darasa la sita niifute?

Swali

Dada shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la sita huku Gungu, Kigoma. Tulikuwa kwenye mada ya nishati na mashine, nikawachorea watoto ubaoni kinu cha maji, yani lile gurudumu kubwa linasukumwa na mto alafu ndani ya nyumba mawe yanasaga nafaka. Darasa likachangamka sijawahi kuona, mmoja akauliza mwalimu tunaenda lini kukiona, na mimi bila kufikiri nikajibu muhula ujao. Sasa nimetafuta nimechoka. Nimekuta picha za vinu vya kale vya Ulaya ambavyo mpaka leo vinasaga na shule zinapeleka watoto, ila huku kwetu sijapata pa kuwapeleka. Mwalimu mkuu anasema achana nayo, twende Ujiji kama kila mwaka. Watoto wako 62 na wananiuliza kila siku. Nifanyeje?

*Mwalimu wa Gungu*

Jibu

Marahaba mwalimu wangu. Usiifute. Barua yako nimeisoma mara tatu kwasababu imenigusa, mtoto wa darasa la sita anayeomba mwenyewe kwenda kuona mashine sio wa kumwambia subiri.

Ila naomba tukae kwanza tujiulize hao watoto wa Ulaya wakifika kwenye kinu wanaona nini, maana ukishalijua hilo utagundua sehemu kubwa ya hiyo safari unayo hapohapo mtaani kwako.

Wanaona hivi. Mto umezibwa kidogo, maji yanapelekwa kwenye mfereji mpaka kwenye gurudumu, kuna lango la mbao la kupandisha na kushusha, ukilipandisha maji yanaingia gurudumu linaanza kujivuta polepole. Lile gurudumu halina haraka, linaweza kuzunguka mara nane au kumi tu kwa dakika, sasa unga hausagwi kwa mwendo huo, kwaiyo ndani kuna gia kubwa za mbao na chuma, gurudumu la meno mengi linazungusha la meno machache, mpaka mwendo ukifika kwenye jiwe umeshaongezeka unakuta jiwe linazunguka hata mara mia na zaidi kwa dakika. Mawe ni mawili. La chini limetulia, la juu ndo linazunguka, na yamechongwa mifereji midogo ya kukata punje na kuusukuma unga utoke pembeni. Na hapa ndo pananifurahisha mimi, yale mawe hayatakiwi kugusana hata kidogo, yakigusana yanatoa cheche na kuharibu unga, yakiachana sana punje zinapita nzima. Msagaji anachukua unga unaotoka anausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akiona una chengachenga kama mchanga anashusha jiwe unywele mmoja. Mama yako na bibi yako wanafanya hivohivo kabisa wakipokea unga mashineni, wanausugua kwanza ndo wanalipa.

Kitu chenyewe ni cha zamani sana. Mrumi Vitruvius alishaandika habari za kinu cha maji chenye gia karne ya 1 kabla ya Kristo, na mfalme wa Uingereza alipoamuru mali zote za nchi ziandikwe, vinu vilivyohesabiwa mwaka 1086 vilikuwa zaidi ya 5,000. Yani kabla ya dizeli na kabla ya umeme mto ndo ulikuwa unalisha watu.

Sasa kumbe somo lako lina maswali mawili tu, punje inageukaje kuwa unga, na nguvu inatoka wapi. Hayo mawili mtoto wa Gungu anaweza kuyafuata kwa miguu. Mimi ningeipanga hivi.

Anza kwa bibi. Ulizia mtaani utapata mama mtu mzima ambae bado ana jiwe lake la kusagia, la chini pana lenye bonde katikati na dogo la kushika mkononi, wengi wameliacha nyuma ya nyumba wanawekea ndoo. Mwombe kwa heshima, mpelekee sukari na sabuni, umweleze kwamba yeye ndo mwalimu siku hiyo. Watoto wapige magoti wasage ulezi au muhogo mkavu dakika kumi kwa kuangalia saa, wapime unga waliopata kwenye kikombe. Mgongo utawauma na mikono itawauma, na hilo ndo jibu la kwanza la nguvu inatoka wapi. Usilipunguze hili ukalifanya la picha tu, waache wasage mpaka wachoke. Na hapohapo uwasaidie neno, maana ukisema kinu mtoto wa Kigoma anaona kinu na mchi cha kutwangia kisamvu, wala hajakosea, ila kutwanga ni kupiga na kusaga ni kusugua, waambie waone tofauti kwa mikono yao.

Kutoka hapo ni mashine ya kusaga ya mtaani. Watoto wanatumwa kule kila wiki na debe kichwani lakini hakuna aliyewahi kuonyeshwa ndani. Mwombe mwenye mashine siku isiyo na wateja wengi azime, afungue mfuniko, awaonyeshe. Watashangaa kukuta hakuna jiwe. Kuna nyundo, vyuma vidogo vinazunguka kwa kasi vinaipiga punje mpaka inapita kwenye chekeche. Kwaiyo mashine ya leo kwa tabia iko karibu na mchi kuliko jiwe la bibi, na huo mjadala peke yake unaweza kula kipindi kizima. Alafu afunge, wasogee nyuma, awashe, asage kikombe kilekile cha punje mlichosaga kwa bibi na nyie mhesabu sekunde.

Tahadhari ya mashineni naomba uisome mara mbili. Mkanda unaotoka kwenye mota hauna huruma, sweta linaloning'inia, mtandio, kanga, kamba ya begi, vyote vinabaki nje. Chora mstari kwa chaki na hakuna kuuvuka mashine ikiwaka. Watoto 62 hawaingii pale, wagawe makundi manne, kundi moja mashineni, moja kwa bibi, mawili yanabaki shuleni na kazi nitakayoieleza sasahivi, alafu mnabadilishana.

Kazi ya shuleni ni kutengeneza gurudumu lenyewe. Tafuta rimu ya baiskeli mbovu, chupa za maji za plastiki uzikate nusu ufunge kwa waya kuzunguka rimu zote zikitazama upande mmoja, upitishe chuma katikati kikae juu ya matofali mawili, na kwenye hicho chuma funga kamba yenye jiwe dogo mwishoni, hakikisha tu chuma kinazunguka pamoja na rimu sio rimu peke yake. Mimina ndoo ya lita 20 polepole kutoka juu, vikombe vijae, angalia jiwe linapanda mpaka wapi. Alafu ndoo ileile, maji yaleyale, mimina kwa kasi yagonge vikombe vya chini. Utaona tofauti. Mwaka 1759 injinia mmoja Mwingereza, John Smeaton, alitoa matokeo ya jaribio hilihili, nae alitumia gurudumu dogo la mfano na uzito uliofungwa kwenye kamba, akaonyesha kwamba gurudumu linalopokea maji juu linafanya kazi kama mara mbili ya lile linalosukumwa kwa chini, kwasababu juu unatumia uzito wa maji yote yakishuka na chini kasi nyingi inapotea kwa kurukaruka. Watoto wako watarudia kazi ya Smeaton na rimu ya baiskeli uwanjani.

Fanyeni hili shuleni kwa ndoo, msiende nalo mtoni wala ziwani. Maji yaliyotulia ya pembeni yana kichocho, na mito mikubwa ya kwetu ina mamba, sio sehemu ya kusimamisha watoto sitini.

Wakishaelewa hapo wape hesabu. Lita 100 za maji kila sekunde zikishuka mita 3 ni wati kama 3,000, na kinu cha mbao hakiipati yote. Alafu uwatajie mradi wa umeme wa Malagarasi, megawati 49.5, yani wati milioni 49.5, uone macho yao wakigundua kwamba ni uzito uleule wa maji yanayoshuka, ila badala ya jiwe kuna jenereta.

Sasa safari ya basi, maana najua watoto uliwaahidi basi na ahadi ni deni. Mimi ningewapeleka Uvinza kwenye chumvi. Unataka sehemu ya kihistoria ambayo bado inafanya kazi? Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba pale miaka ya 1960 waliona kwamba watu walikuwa wanachemsha maji ya chumvi ya chemchemi za pale tangu karne ya 5 au ya 6, yani miaka kama 1,500, na chumvi mpaka leo inatoka Uvinza. Zamani maji yale yalichemshwa kwenye vyungu juu ya moto, watu walikuja kutoka mbali kiangazi kutengeneza chumvi yao, na chumvi ya Uvinza ilitembea na biashara huku na huku ya ziwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1858 wakielekea Ujiji. Maswali ni yaleyale, kitu kinageukaje na nguvu inatoka wapi, kuni zamani, jua, mashine. Mtoto aliyesaga kwa bibi atauliza maswali ambayo hata mwenyeji wake hakuyategemea.

Uvinza kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, kwaiyo toka alfajiri, rudi kabla ya giza, usikubali dereva akuambie tutafika tu. Barua ya maombi kiwandani itangulie wiki kadhaa, kibali kipitie kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya wilaya, ya wazazi isainiwe na ibaki nakala. Uliza choo kipo wapi na wasichana watatumia kipi, hili walimu wa kiume wanalisahau kila mara. Chakula bebeni, muhogo wa kuchemsha na dagaa wa kukaanga, na maji ya kutosha maana Uvinza kuna joto. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi na mbili hivi, na orodha ya majina isomwe kila mnapopanda basi, isomwe kwa jina sio kwa kuhesabu vichwa.

Na kabla ya yote nenda mwenyewe kwanza. Mimi nilipokuwa nafundisha niliwahi kupeleka darasa mahali kwa kuelewana na mtu kwenye simu tu, tumefika umeme hakuna, mwenye funguo kasafiri, watoto arobaini na kitu wakasimama nusu saa wanaangalia mlango wenye kufuli alafu tukarudi. Mmoja akaniambia mwalimu sio mbaya tumeona mlango. Alikuwa ananifariji, mtoto wa miaka kumi na moja, mpaka leo najisikia vibaya. Nenda siku ya kazi, saa ileile mtakayofika, tembea njia yote, kaa chooni, ongea na atakayewapokea. Nauli yako ya siku hiyo iweke kwenye bajeti ya safari, isitoke mfukoni kwako kama siri.

Swali

Habari, kwani Uvinza na Ujiji haziwezekani siku moja? Shule yetu inataka vyote.

*Mzazi, Mwanga*

Jibu

Zinawezekana kwenye karatasi. Kwa watoto hapana, watalala kwenye basi na Ujiji watashuka wakiwa hoi, na pale panahitaji mtoto mwenye akili iliyotulia, pana habari za wasafiri Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871 lakini pia pana njia ya misafara ya watumwa, sio kitu cha kupitisha mbiombio. Ujiji ipo mlangoni kwenu, wekeni siku yake.

Swali

Mwanangu ana pumu na shule yao imesema itawapeleka mashineni kuangalia kusaga. Nimkatalie?

*Mama wa Kasulu*

Jibu

Usimkatalie dada, mwambie mwalimu mapema. Vumbi la unga linaweza kuamsha pumu, kwaiyo asimame nje upande upepo unakotokea, aangalie mlangoni, avae barakoa, na dawa yake ya kuvuta iwe kwa mwalimu anayeongozana na kundi lake, sio kwenye begi lililobaki shuleni. Na sehemu ya kufungua mashine kabla haijawashwa ndo nzuri kuliko zote, ile aingie mbele kabisa pakiwa pameshafagiliwa na vumbi limetulia.

Swali

Mchango wa safari kwa mtoto wangu sina kwa sasa, naona aibu kumwambia mwalimu. Asiende?

*Baba wa watoto wanne, Katubuka*

Jibu

Aende kaka yangu. Mwone mwalimu mapema, mkiwa wawili, umwambie kama ulivyoniambia mimi, walimu wengi wanajua na wanasubiri mzazi afungue mdomo. Na nyie walimu mnaopanga msisubiri, andikeni kwenye barua kabisa kwamba asiye na hela anaweza kuleta kisado cha muhogo mkavu au mahindi. Nafaka ya kusaga kwa bibi na mashineni si inahitajika? Basi itoke hapo, na unga unaobaki upikwe ugali wa siku ya safari, watoto wote wale sahani moja bila mtu kujua nani alileta nini.