Usiweke bodaboda rehani kwa ajili ya taa tatu

Usitie saini mkopo huo. Umeeleza kwamba uko Mbarara, unapiga video za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi, na unataka kuwa mpigapicha wa filamu. Umeuliza kuhusu taa, kuhusu lenzi, na kama inafaa ujiunge na chuo Kampala. Kisha ukataja, kama jambo dogo, kwamba kuna mtu aliyekushauri uweke bodaboda rehani ili akuuzie taa tatu za halojeni za wati 1000 kila moja, kwa hoja kwamba ngozi nyeusi inameza mwanga na kwa hiyo inahitaji nguvu nyingi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na aliyenifundisha katika kozi ile fupi ndiye aliyekuwa na taa za kuuza katika chumba cha nyuma. Sikuona ajabu yoyote. Nilikopa katika kikundi cha akiba cha mama yangu, ambacho mweka hazina wake hadi leo huniita kwa jina langu kamili.

Kazi yangu ya kwanza na taa hizo ilikuwa filamu fupi huko Jinja, katika sebule iliyopakwa rangi ya mafuta ya kijani. Onyesho lilikuwa la mama mzee anayepokea habari za msiba akiwa ameketi karibu na dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa kubwa, nje yake kuna mwembe, na mwanga ulioingia ulikuwa laini kiasi kwamba leo ningeulipia. Sisi tulilifunga kwa pazia zito, kwa sababu katika mchoro wa mwalimu wangu kulikuwa na taa tatu na hakukuwa na dirisha. Nikaziwasha zote zikiwa wazi, zimemwelekea usoni. Paji la uso likang'aa kama sufuria jipya, mashavu yakabaki gizani, na ukutani vikasimama vivuli vya watu watatu ilhali mwigizaji alikuwa mmoja. Nikafanya nilivyofundishwa: nikazisogeza karibu zaidi ili kuongeza nguvu. Joto likamtoa jasho, jasho likazidisha mng'ao, na mpambaji akawa anampaka poda kila baada ya sentensi. Taa tatu za wati 1000 katika umeme wa volti 240 huvuta ampea 12.5, nasi tulikuwa tumezichomeka zote katika ekstensheni moja yenye plagi ya ampea 13. Ilipoanza kunuka, mwenye nyumba aliingia kuuliza ni nani atakayejaza Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa kila saa tulikuwa tunamaliza yuniti tatu. Onyesho lote lilitupwa na mtayarishaji akakataa kunilipa sehemu iliyobaki. Taa moja nilimwazima shangazi kwa ajili ya vifaranga wake, naye akairudisha mwenyewe alipoona jinsi umeme unavyokwisha, kwa hiyo hata kuku hawakunufaika.

Huyo anayekwambia kwamba ngozi inameza mwanga amekupa nusu ya habari, ile nusu inayouza taa. Sehemu ya mwanga huingia katika ngozi, ikatawanyika na kutoka ikiwa na rangi yake. Sehemu nyingine hurudi moja kwa moja kutoka juu ya ngozi, na hiyo ndiyo tunayoiona kuwa mng'ao. Kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi, sehemu ya kwanza hupungua, na mng'ao ndio unaobaki na kazi kubwa ya kuchora umbo la uso. Sasa, mng'ao ni taswira ya chanzo chenyewe. Chanzo kikiwa kidogo utapata vidoa vyeupe vikali, na kuongeza wati kutavifanya vikali zaidi. Kikiwa kikubwa utapata utando mpana na mtulivu unaoonyesha shavu, taya na shingo. Ndiyo maana nakuomba ununue ukubwa, usinunue wati, na ukubwa huo ukae karibu na uso.

Shuka jeupe lisilo na maua linatosha. Litundike kiasi cha mita moja kutoka kwa mwigizaji, kisha uweke taa moja ya LED nyuma yake, mbali kiasi cha kulijaza lote, kwa kuwa taa ikikaribia mno huangaza duara dogo katikati, na chanzo chako kinakuwa lile duara. Ukilirudisha shuka hilo hadi mita tano, kwa uso wa mwigizaji limekuwa chanzo kidogo tena, na vivuli vitakuwa vikali. Upande wa pili tundika kitambaa cheusi, hasa pale ambapo ukuta ni wa kijani, kwa sababu ukuta huurudisha mwanga ukiwa umeutia rangi yake, na kuuondoa ukijani wa taya katika kompyuta bila kuiharibu rangi ya gomesi, vazi alilolivaa mama, ni kazi ya kulia. Halojeni tena hutoa mwanga wa takriban Kelvini 3200 (kipimo cha rangi ya mwanga) na mwanga wa mchana ni kama 5600, kwa hiyo ukizichanganya na dirisha bila kichujio cha rangi, nusu ya uso itakuwa ya chungwa au nusu nyingine ya samawati.

Nje, jua la saa sita kwetu hapa kwenye ikweta hukaa karibu na utosi na kuyageuza macho kuwa mashimo. Mweke mwigizaji kivulini ukingoni mwa baraza akitazama uwanjani, na anga pamoja na uwanja vitamwangaza vizuri kuliko taa yoyote ya dukani. Uangalie tu udongo mwekundu usimpake kidevu rangi. Kuhusu lenzi, tumia hiyo uliyonayo.

Kama muuzaji bado anakusubiri, nenda na shuka lako, mketishe mtu dukani, umwombe awashe taa moja bila shuka na kisha akiwa nalo, nawe upige zote mbili kwa simu. Akikwambia kwamba mashuka ni mambo ya wanafunzi, muulize ni filamu ipi aliyowahi kuiangazia yeye mwenyewe.