Sindano ya kuzuia damu kuganda: kwa nini mwanangu na si wa kitanda cha pili?

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, kilo 40. Alivunjika paja, akawekewa chuma, na bado hajaanza kutembea. Asubuhi na jioni anachomwa enoksaparini miligramu 20. Mtoto wa miaka 5 aliye kitanda cha pili naye kavunjika paja, lakini hachomwi. Je, kuna ugonjwa nimefichwa? – Mama, Morogoro

JIBU: Hujafichwa kitu, mama. Damu kuganda ndani ya mshipa huwapata zaidi watoto wachanga waliolazwa, kisha hatari hupanda tena kuanzia balehe. Mwanao amefika umri huo, amepasuliwa mguu na amelala tu. Kwa yule wa miaka 5, hatari ya kuvuja damu kwa sababu ya dawa mara nyingi huzidi faida yake. Angekuwa na mpira uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo au kinena, hesabu ingebadilika. Kwa watoto waliolazwa, mpira huo ndio chanzo kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo usikae hata siku moja baada ya kazi yake kwisha.

Dozi ya mwanao ni ya kinga: nusu miligramu kwa kila kilo, kila saa 12. Ya kutibu ni mara mbili ya hiyo. Achomwe tumboni, mkunjo wa ngozi ukiwa umeshikwa, upande ubadilishwe kila mara, na pasisuguliwe. Alama ndogo ya bluu ni kawaida. Muite nesi mara moja ukiona damu puani au kwenye fizi, mkojo mwekundu au choo cheusi. Vilevile mguu mmoja ukivimba, kifua kikiuma au pumzi ikikatika. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza.

SWALI: Nina mtoto wa miezi 9, kilo 8, kaandikiwa enoksaparini miligramu 4. Nawezaje kupima kiasi kidogo hivyo? – Muuguzi, Kisumu

JIBU: Soma kwanza nguvu ya dawa. Ikiwa ni miligramu 100 kwa mililita, unahitaji mililita 0.04. Tumia bomba la insulini lililoandikwa U-100: uniti 1 ni mililita 0.01, yaani miligramu 1, kwa hiyo vuta hadi uniti 4. Angalia mistari vizuri, maana mabomba mengi ya mililita 1 huhesabu uniti mbili kwa mstari. Kwenye faili andika miligramu tu. Neno “uniti” litamfanya mwenzako adhani ni insulini.

Kosa linalotutisha ni nukta: 0.4 badala ya 0.04 ni dozi mara 10. Watu wawili wahesabu, kila mmoja peke yake. Likitokea, mwite daktari papo hapo, maana protamini, dawa ya kuipinga, huzima sehemu tu ya dawa hii. Figo zikiwa dhaifu, dawa hujikusanya mwilini. Na kama atatolewa maji ya uti wa mgongo, zipite angalau saa 12 tangu dozi ya kinga.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Ni kweli enoksaparini inatokana na nguruwe? – Baba, Tanga

JIBU: Ni kweli, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza. Fondaparinuksi, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hutengenezwa maabara bila mnyama, ila kwa watoto imetumika kidogo, hivyo daktari ndiye apime. Hukumu ya dharura muulize shehe wako leo, mtoto asipitwe na dozi.