Wanagenzi, mnazimaliza beringi kwenye presi

Juzi nyundo imelia tena nyuma ya gereji. Subaru Impreza ya mteja iko juu ya stendi, beringi mpya ya nyuma imetoka kwenye boksi muda si mrefu, na kijana anaipigilia ndani ya nakoli (chuma kinachoibeba beringi na gurudumu) kwa soketi ya 32 iliyokaa katikati kabisa, juu ya ringi ya ndani. Baada ya wiki sita mteja angerudi kusema ameuziwa feki, na nyinyi mngekubali haraka, maana lawama ya feki haina mwenyewe. Kumbe beringi ilikuwa nzima. Ilifia hapo hapo gereji, gari likiwa bado hewani.

Basi sogeeni, wadogo zetu. Kila mwaka ni yale yale.

1. Hakikisha ni beringi kwanza. Mlio wake hufuata mwendo wa gari, haufuati injini: ukiwa kwenye 80 weka nyutro, mlio ukibaki vilevile, injini haimo. Pinda kushoto, uzito unahamia kulia. Mlio ukizidi, mshukiwa ni wa kulia. Entebbe Expressway utausikia vizuri, kwenye marramu, barabara ya changarawe, husikii kitu. Tairi iliyolika mawimbi hudanganya sana, kwa hiyo hamisha za mbele nyuma. Mlio ukihama nazo, umeokoa hela ya mteja. Gari likiwa juu, shika springi kwa mkono mmoja, zungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi iliyochoka utaisikia kiganjani kama mchanga. Anayesubiri gurudumu licheze amechelewa.

2. Unapotumwa Kisekka, kwenye soko la spea, usiende na jina la gari tu. "Nipe ya Subaru" ndiyo inayokurudisha mara tatu. Nenda na namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani, na nenda na venia ya kupimia. Namba zinazoanza na DAC zinajisoma zenyewe: DAC38740036/33 maana yake tundu la ndani milimita 38, kipenyo cha nje 74, upana wa ringi ya ndani 36, wa nje 33. Ukipima ukakuta 35 mahali pa 36, rudisha, hata boksi liwe zuri namna gani.

Impreza STI ya 2004 ina boliti za rimu kwenye duara la milimita 100, ya 2005 ni 114.3, kwa hiyo habu (vitovu vya gurudumu) haziingiliani ingawa magari yanafanana kama pacha. Impreza za kizazi cha 2008 kuendelea zina habu nzima ya kufunga kwa boliti nne. Hizo hazihitaji presi kabisa, na ndiyo maana zinawaonea huruma.

Kuhusu kudumu: NSK, NTN, Koyo, SKF, FAG, Timken, yoyote kati ya hizo ikiwa halisi itatosha kwa gari la michezo. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya fundi na fundi. Feki unaitambua kwa maandishi yaliyopigwa wino mahali pa kuchongwa, sili (kifuniko cha kuzuia uchafu) iliyopinda, na bei inayokufanya utabasamu. SKF wana programu ya simu ya kutuma picha ili wahakiki wenyewe. Itumieni, simu zenu hazina kazi ya TikTok peke yake. Na acheni kuomba "C3" kama vile ni daraja la ubora. C3 ni nafasi kubwa zaidi kati ya gololi na ringi, basi. Beringi ya gurudumu ya safu mbili nafasi yake imepangwa kiwandani ili ibanwe sawasawa nati ya shafti ikikazwa.

Mtumba wa Japani? Nakoli nzima ambayo habu haijawahi kutolewa, tunaweza kuzungumza. Beringi iliyovutwa ikatoka peke yake, hapana. Imeshavutwa kupitia gololi, na hilo linatuleta kwenye dhambi yenyewe.

3. Presi. Hapa tukiri: sisi tunaowafokea tumeua nyingi kuliko nyinyi, kwa sababu tulianza mapema. Kosa tulilirithi kwa waliotufundisha, tukalibeba miaka, huku tukiwaambia wateja barabara za Kampala ndizo mbaya. Ni mbaya, ndiyo. Lakini kata beringi iliyokufa kwa grainda, futa grisi, uipeleke juani. Kwenye njia ya gololi utaona vishimo vidogo vinavyong'aa, vimepangana kwa umbali ulio sawa na ule wa gololi na gololi, vyote ukingo mmoja. Shimo la barabarani huacha alama upande unaobeba uzito. Vishimo vinavyozunguka duara lote kwa mpangilio ule ni saini ya fundi.

Inavyotokea ni hivi. Beringi inakaza ndani ya nakoli kwa upande wa ringi ya nje. Ukisukuma ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi ndipo ifike nje. Gololi inagusa njia yake kwa kidoa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na presi ya tani 20 haijui hilo. Chuma kinabonyea. Huoni kitu, ukizungusha kwa kidole inateleza kama hariri, gari linatoka kimya, mteja anakupa soda. Kisha kila gololi inapita kwenye kishimo, inakipanua, hadi mlio.

Kwa hiyo ringi ya nje ndiyo isukumwe. Chukua ringi ya nje ya beringi ya zamani, inoe kidogo kwa nje isije ikakwama, nawe una kifaa kisichonunuliwa. Hapo wengi hupiga kifua wakidhani wamemaliza.

Bado habu. Na hapa ndipo waliojua nusu ya kwanza huanguka, sisi tukiwa mbele yao. Unalaza nakoli kwenye meza ya presi, unasukuma habu iingie. Habu inasukuma ringi ya ndani, ringi inasukuma gololi, gololi zinasukuma ringi ya nje iliyokaliwa na nakoli. Umerudia kosa lile lile kwa mlango wa nyuma! Safari hii lazima chini yake pawe na bomba linaloegemeza ringi ya ndani, nakoli ining'inie bila kugusa kitu. Ringi ya ndani ya zamani inafaa kwa kazi hiyo. Pia sakilipu, pete ya kuizuia beringi isitoke, iwe imeshakaa kwenye mfereji wake kabla habu haijaingia. Ukiisahau, utaitoa habu na beringi imekwisha, hakuna kuijaribu tena.

Ukiitoa habu ya zamani, nusu ya ringi ya ndani hubaki imeng'ang'ania. Inoe kwa grainda mpaka iwe nyembamba, malizia kwa tindo ipasuke. Grainda ikigusa habu, habu hiyo ni chakavu. Na beringi ikiingia kwenye nakoli kwa mkono, nakoli imelika. Msipige vidoa ndani yake kwa senta panchi ili "ikaze". Vile vidoa vinashika mpaka kona ya kwanza.

4. Beringi ikiwa na upande wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), ni ule wenye sumaku kwenye sili. Jaribu kwa kibanio cha karatasi, kitanata kidogo. Hiyo itazame sensa. Ukigeuza, taa ya ABS itawaka na utaanza upya na beringi nyingine.

5. Nati mpya, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Impreza nyingi ziko karibu 190 hadi 220 Nm kutegemea mwaka; fungua kitabu cha mwaka huo, usiulize jirani. Bunduki ya upepo ni ya kufungulia. Muhimu zaidi: gari lisikanyage chini kabla nati haijafika toki yake. Ringi za ndani zikiwa hazijabanwa, uzito wa gari peke yake unatosha kuzitia alama. Ndiyo, hata kusukuma gari kutoka kona moja ya gereji kwenda nyingine. Mwambie msaidizi akanyage breki, kaza, kisha kunja ukingo wa nati kwenye mfereji wa shafti.

6. Spesa, vile vipande vya kusogeza rimu nje. Bosi anayetaka rimu zitokeze nje kwa milimita 25 anaongeza mkono wa kupindia beringi, na kila kona anazilipia. Mwambieni kabla. Asipokubali, andikeni kwenye risiti.

7. Presha ya kuoshea isielekezwe kwenye sili.

8. Friza inasaidia. Beringi ya milimita 74 ikitoka kwenye joto la 27 hadi -18 inasinyaa karibu sehemu nne za mia za milimita, na kwa mbano wa nakoli hiyo ni nafuu kubwa. Ifungeni vizuri kwenye mfuko isipate umande, na muiingize upesi.

Ile Impreza bado iko juu. Beringi ya pili imelala kwenye friza ya mama wa soda hapo nje, na ameshauliza mara mbili tunaitoa lini.